Nilivyopeleleza Mazoezi ya Matinyani

Juzi cherehani yangu ilisimama kwa sababu ya ubishi. Nilikuwa nashona sare za shule, wateja wawili wamekaa kwenye benchi, na redio inaeleza habari za klabu moja ya ng'ambo iliyonaswa ikipeleleza mazoezi ya wapinzani wake kwa kamera inayoruka. Mteja mmoja akasema wanyang'anywe pointi. Mwenzake akasema pointi hazitoshi, hao washushwe daraja mpaka wakacheze na watoto wa nasari. Walipochoka kubishana wakanigeukia. "Fundi, na wewe unasema aje?"

Nikajifanya uzi umekatika. Anayenijua hapa sokoni Mukuyuni anajua kwamba mpira ukitajwa mimi si mtu wa kunyamaza. Nina hasira za karibu, na mdomo wangu hutangulia akili. Lakini kwa hilo nilinyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa hiyo kamera.

Kanisa letu lina timu ya mpira ya wasichana. Miaka mitatu iliyopita walicheza kombe la vijana wa makanisa ya Kitui na Makueni, na kwa mshangao wa kila mtu, hasa wazee waliosema mpira utawaharibia wasichana nidhamu, wakafika fainali. Wapinzani walikuwa timu ya kanisa moja la Matinyani, na sifa zao zilitufikia kabla yao. Mwenyekiti wa timu yetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikuja dukani kwangu kuchukua jezi nilizokuwa nimeshona. Akazikunja taratibu, kisha akakaa. Mtu akishapata jezi zake halafu akae, ujue ana jambo.

"Fundi," akasema, "wewe una macho. Ukiangalia mtu tu unajua kiuno chake ni inchi ngapi. Enda Matinyani Jumamosi, uangalie hawa wasichana wanafanya mazoezi aje. Hakuna mtu anakujua huko. Unaenda tu kama mtu ya kawaida."

Ningekataa ningekuwa na hadithi fupi zaidi. Sikukataa. Nitasema ukweli: nilifurahi sana. Nimekaa nyuma ya cherehani karibu maisha yangu yote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia macho yangu yanahitajika kwa kitu kingine zaidi ya suruali. Mwenyekiti akanipa nauli, akaniombea safari njema akiwa amefumba macho, na nikaenda.

Mpango wangu ulikuwa kusimama kando ya uwanja kama mpita njia, niangalie, niondoke. Sijui nilifikiri nimezaliwa wapi. Nani kwetu Ukambani amewahi kusimama kando ya ua wa wenyewe, mgeni, peke yake, akaachwa? Sikumaliza dakika tano. Uwanja wao uko pembeni mwa kanisa, umezungushiwa katani, milingoti ya goli ni miti mitupu na nyavu hakuna. Kocha wao alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye kofia ya majani na filimbi shingoni. Aliniona, akapuliza filimbi, mazoezi yakasimama, akaja mpaka kwenye ua.

"Mgeni, mbona unasimama nje kama mtu amefukuzwa? Ingia."

Nikaingia. Akaniuliza nimetoka wapi. Hapo ndipo ulimi uliponitangulia: nikasema nimetoka Zombe. Akaniuliza natafuta nini huku Matinyani. Nikasema natafuta mbegu ya ndengu.

Mwenye kujua Kitui ameshacheka. Mtu wa Zombe kusafiri kuja Matinyani kutafuta ndengu! Ndengu zinatoka huko Zombe kwa magunia. Mama kocha alinitazama kwa muda, na mimi nikaona kazi yangu imeisha kabla ya kuanza.

"Zombe, na mmekosa ndengu?"

"Ni mvua, mwaitu," nikasema. Mwaitu ni mama yangu. Ndivyo tunavyomwita mwanamke wa umri ule, na nilimwita hivyo nikiwa na uongo mdomoni. "Imetunyima. Tulikula mpaka mbegu."

Uso wake ukabadilika. Aliniamini, na zaidi ya kuniamini alinihurumia. Akawaita wasichana wote, akawaambia mgeni huyu ametoka mbali na kwao kuna njaa, na kwa kuwa wao kila wakipata mgeni humpa nafasi ya kuwaombea, basi mgeni atawaombea. Wakafanya duara, wakashikana mikono. Upande wangu wa kulia nilishikwa na msichana mrefu, mkono mkavu wa mtu wa jembe. Nikafumba macho.

Sijawahi kuomba vizuri vile. Ninafundisha watoto Jumapili, kwa hiyo maneno ninayo, lakini siku hiyo hayakuwa maneno tu. Niliomba wasiumie magoti, niliomba mvua, na nilipofika kwenye fainali nikasikia sauti yangu ikisema, "Bwana, uwape ushindi." Wakaitikia amina kwa nguvu. Mama kocha akafuta macho kwa ukingo wa leso. Mimi nikakaa chini kwenye jiwe nikaanza kupeleleza.

Waliishia na penalti. Yule msichana mrefu ndiye aliyekuwa mpigaji wao mkuu, na kipa wao hakuweza kumzuia hata mara moja. Nilipomtazama mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya tatu nikaona. Fundi wa nguo husoma mabega kabla ya uso. Bega moja likishuka, koti lote linakaa vibaya. Bega lake la kushoto lilikuwa linashuka kidogo tu kabla hajapiga. Likishuka, mpira unakwenda kulia kwa kipa. Lisiposhuka, mpira unakwenda kushoto. Nilihesabu penalti zake zote na hakuna iliyonidanganya. Mwenyewe hakuwa anajua, na kocha wake naye hakuwa anajua. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua, na nilijisikia mkubwa.

Nilitaka kuondoka hapo hapo. Mama kocha akakataa. Akasema magari ya kwenda Zombe yamekwisha, nitalala kwa mtoto wake wa kiume, na kesho ni ibada. Nililishwa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na kuku. Kesho yake kanisani, wageni wakaombwa wasimame wasalimie ushirika. Nikasimama. Nikasema naleta salamu kutoka ushirika wa Zombe. Ushirika huo mimi sijawahi hata kuingia mlangoni mwake. Watu wakanipigia makofi. Nilipokuwa naondoka, mama kocha alinipa mbegu za ndengu kwenye mfuko wa nailoni, mbegu nzuri, zimechaguliwa moja moja, akasema nikazigawe na jirani. Nilizibeba mpaka nyumbani nikiwa nimezishika kwa mikono miwili, na njia nzima sikuweza kumtazama mtu aliyekaa karibu nami.

Lakini usifikiri aibu hiyo ilinizuia. Jumatatu nilimwambia mwenyekiti kila kitu, naye akampasha kocha wetu, na jioni yake nikamtafuta kipa wetu. Alikuwa akiuza mboga na mama yake hapo sokoni, msichana wa miaka kumi na tisa, mpole, mikono mikubwa kuliko ya wanaume wengi ninaowashonea. Nikamweleza habari ya bega. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia, "Mimi ni fundi. Naona mabega." Yalikuwa maneno ya kweli na niliyatumia kumdanganya. Akafikiri nimewahi kuiona timu hiyo ikicheza mahali, kama mtu mwingine yeyote anavyoweza kuiona. Akayashika.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wa shule moja karibu na mji wa Kitui. Nilijiapiza nitakaa nyuma ya tangi la maji mpaka mwisho, nisionekane. Mchezo ukaisha bila bao. Penalti zikapigwa, wetu wakafunga, wao wakafunga, na ya mwisho kabisa akaja yule msichana mrefu. Asipofunga, kombe ni letu. Kutoka nyuma ya tangi niliona bega likishuka. Kipa wetu naye aliliona. Akaruka kulia, akaudaka mpira mzima mzima, akaanguka nao kifuani.

Mimi nikasahau tangi. Nikasahau Zombe. Mtu mzima nilikimbia uwanjani nikipiga mayowe, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni maana asubuhi nilikuwa nimerekebisha jezi mbili. Nikajikuta katikati ya uwanja, na mbele yangu mama kocha, amemkumbatia mpigaji wake anayelia. Akaniona. Uso wake ukafunguka. Akamwachilia msichana, akaja kwangu mikono wazi.

"Mgeni wetu! Umetoka Zombe mpaka hapa kwa ajili yetu! Pole, baba. Umetuombea na tumekuangusha."

Nilisimama kama nguzo. Ningetoroka, lakini wasichana wetu walikuwa wamenifikia, wananivuta jezi zangu mwenyewe zikiwa mwilini mwao, wanaimba, "Fundi wetu! Fundi wetu!" Mama kocha aliwatazama wao, akautazama mkanda shingoni mwangu, akanitazama mimi. Akashusha mikono yake polepole. Alirudi kwa msichana wake, na mimi nilitaka ardhi inimeze.

Matinyani walishtaki, na baada ya wiki mbili tuliitwa mbele ya kamati ya kombe, kwenye ofisi ya kanisa moja mjini Kitui. Wajumbe walikuwa wachungaji wawili, mwalimu mmoja, na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akicheza mpira wa mikono zamani. Walipekua kitabu cha sheria mbele na nyuma. Kulikuwa na sheria ya kupiga, ya kutukana refa, ya kucheza bila viatu. Ya kupeleleza haikuwapo. Mwalimu akasema fainali irudiwe. Mchungaji mmoja akasema kombe lichukuliwe. Yule mama mfanyabiashara akauliza, "Sasa mkichukua kombe, hawa wasichana wamekosa wapi? Wao walitumwa?"

Ndipo mwenyekiti wetu alipoinuka. Akafunga kifungo cha koti, koti nililomshonea mimi, akasema huyu ndugu alikwenda kivyake, timu haikujua, na kanisa linasikitika.

Nilisikia damu ikipanda. Wanaonijua wangekwambia hapo ndipo meza hupinduka. Lakini niliwatazama wasichana kupitia dirishani, wamekaa kwenye nyasi wakisubiri kuambiwa kama wao ni mabingwa au si mabingwa, na nikajua nikimtaja aliyenituma, timu itakuwa imepeleleza, na timu ni wao. Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa upole. Nilinyamaza huku nimekunja ngumi chini ya meza.

Mama kocha alipopewa nafasi aliniuliza swali moja tu. "Ile sala. Ulikuwa unacheza na Mungu?"

"Hapana, mwaitu," nikamjibu. "Ile nilimaanisha." Na huo ndio ulikuwa ukweli wa kushangaza wa jambo lote. Mchungaji mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mama kocha hakucheka, lakini aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amepata alichokuja kutafuta.

Kamati haikuwa na adhabu ya mpira, kwa hiyo ikanipa ile ya kanisa. Niwekwe chini ya nidhamu miezi mitatu: nikae benchi la nyuma, nisiimbe kwaya, nisifundishe watoto, nisishiriki meza ya Bwana. Kombe likabaki kwetu. Aliyesimama Jumapili kunisomea adhabu hiyo mbele ya watu alikuwa mwenyekiti, kwa sauti yake nzuri, na alipomaliza akaniombea tena.

Miezi mitatu kwenye benchi la nyuma ni mirefu, na mtu anapata nafasi ya kufikiri. Nilifikiri hivi. Aliyetumwa aadhibiwe, sawa, mguu ulikuwa wangu na uongo ulikuwa wangu. Lakini klabu haiwezi kupeleka mkono shambani kwa mwenzake halafu iukate mkono na ibaki na mahindi. Walioketi wakapanga ndio waondolewe, mwenyekiti kwanza, na kocha wetu aliyepokea habari bila kuuliza zimetoka wapi, na wakae nje msimu mzima. Na timu iliyoibiwa ifunguliwe mlango: waje watazame mazoezi yetu siku wapendazo, wapewe viti na chai, tuwaoneshe kila kitu. Nililipanga vizuri sana kichwani. Niliona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza, kwa sababu kipa alikuja dukani.

Ilikuwa mchana, soko limetulia. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kikapu cha sukuma, akaniuliza bila salamu ndefu.

"Fundi, hiyo penalti. Ulikuwa umeiona kwa mazoezi yao?"

"Ndio."

"Si mechi. Mazoezi."

"Mazoezi."

Tangu fainali watu walikuwa wakimwita Mikono sokoni kote. Watoto walikuwa wakimwigiza kuruka. Mama yake, aliyekuwa amekataa mpira kabisa, alikuwa amebandika picha yake na kombe ukutani.

"Mikono ilikuwa yako," nikamwambia. "Mimi sikudaka. Kujua upande si kudaka. Makipa wangapi wanajua upande na bado wanafungwa?"

"Najua hiyo," akasema. "Lakini sasa sijui kama ningedaka. Na sitawahi kujua. Hiyo kitu umeninyang'anya, Fundi, na kamati haiwezi kunirudishia." Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia. "Nataka kurudi Matinyani. Yule dada anipigie tena. Wewe ndio utanipeleka, kwa sababu wewe ndio unajua njia."

Nilimwambia ni upuuzi. Nilimwambia watatufukuza na mbwa. Nilisema mengi, kwa sauti ya juu, kama kawaida yangu mtu anaposema ukweli dukani kwangu. Aliningoja nimalize. Jumamosi iliyofuata tukaenda.

Tulifika wakiwa hawana mazoezi. Mama kocha alikuwa nyuma ya nyumba akianika maharagwe. Alituona, akanyanyuka, akatupa maji ya kunywa kabla ya neno lolote, kwanza msichana, halafu mimi. Niliomba msamaha nikiwa nimeshika kikombe. Nilimwambia nimetoka Mukuyuni, kwamba Zombe sina hata rafiki, kwamba mbegu zake nilishindwa kuzipanda na kushindwa kuzitupa. Alisikiliza yote. Akasema, "Zipande. Mbegu haijakosea mtu." Kisha akamgeukia kipa wetu, na hao wawili wakaelewana kwa maneno machache sana.

Mpigaji aliitwa kutoka shambani. Alikuja miguu ikiwa na udongo, amevaa ndala za kuazima, na uwanjani akazivua. Kipa wetu akamwambia yote, na habari ya bega pia, palepale mbele yangu: sasa unajua na mimi najua, kwa hivyo tuko sawa. Yule msichana mrefu aliligusa bega lake kama mtu aliyeambiwa ana doa. Nilimwona anafikiri. Alikuwa amelala majuma mengi akijua yeye ndiye aliyewapotezea wenzake kombe, na sasa anaambiwa alisomwa. Akatabasamu kidogo. Wakakubaliana penalti tano.

Kipa akavaa glavu. Akaenda golini, akapiga hatua zake za kupima, akainama. Halafu akanyanyuka tena, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama kando, nimejiweka vizuri mahali pa kuona.

"Fundi, wewe geuka."

"Nigeuke?"

"Geukia kanisa. Hii usiangalie."

Nilimtazama mama kocha anitetee. Mtu mzima, nimetoka mbali, nimelipa nauli yangu na ya huyo msichana. Mama kocha akasema, "Umesikia mtoto."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa kanisa, na dirisha lenye kioo kimoja kilichovunjika. Nikasikia hatua zikikimbia, mguu ukipiga mpira, kimya, mtu akienda kuufuata mpira. Nyavu hazipo, kwa hiyo hakuna sauti ya kukuambia umeingia. Ya pili. Baada ya ya tatu walicheka wote wawili, kicheko kirefu, na shingo yangu iligeuka yenyewe kidogo nikairudisha. Baada ya ya nne hakuna aliyesema kitu. Ya tano ilipigwa kwa nguvu kuliko zote, halafu nikamsikia mama kocha akisema, "Ehee!" na mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani.

Kipa alikuja akanigusa begani, akasema twende. Uso wake ulikuwa umetulia, umetulia kweli, kama mtu aliyelala usiku mzima. Tukaagana na wenyeji. Barabarani nikavumilia mpaka nikashindwa, nikamuuliza alidaka ngapi.

"Zangu nazijua," akasema.

Ni miaka mitatu sasa. Nidhamu iliisha, nikarudishwa kwaya, kombe linakaa juu ya kabati ofisini na hakuna anayelifuta vumbi. Hao wasichana wawili hupigiana simu, na mmoja alipoolewa mwenzake alikuja kumsindikiza. Nimemuuliza kipa mara nne, na mara moja nilimpigia mama kocha, akacheka akakata simu. Nadhani hakuna kamati ingenipa adhabu ya haki kuliko hiyo ya kutojua, na inaniuma. Kila kipa akipita mbele ya duka na kikapu chake natamani kumwita nimuulize tena, kisha naona haya, nainamia cherehani.